Jerikani ya Macho

Juzi kwenye mkutano wetu wa vijana mmoja alinicheka. Anasema mimi nikiingia mahali popote penye kazi, iwe karakana ya kuchomelea vyuma, iwe saluni ya kina dada, kitu cha kwanza nauliza ni "Maji yako wapi?" Eti nimekuwa kama ngamia. Na mimi nilicheka. Halafu nikaona afadhali niandike, kwa sababu hilo swali lina historia, na hiyo historia sijawahi kuisema yote mbele ya watu wengi.

Mimi ni msaidizi wa maabara katika shule moja ya sekondari hapa Kakuma. Sisi huiita labu tu. Sina diploma yoyote. Nilimaliza kidato cha nne hapahapa kambini, nikafanya mtihani wa KCSE, kemia nikapata B, na nafasi ilipotokea mwalimu wa kemia akanikumbuka. Malipo ni ile posho ya wanaojitolea, wote mnaijua, sitaizungumzia leo. Kazi yangu ni kuosha vyombo, kuchanganya kemikali kwa vipimo, kubandika majina kwenye chupa, kutunza ufunguo, na kuangalia wanafunzi wasiumie. Hiyo ya mwisho hakuna mahali imeandikwa, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Labu yetu si mbaya. Ina meza sita za saruji, kabati mbili zenye kufuli, mtungi wa gesi, na mabomba manne ya maji. Katika hayo manne, mawili yalishakufa kabla mimi sijafika. Mawili yaliyobaki ni kama mabomba yote ya hapa: asubuhi mapema maji yanakuja kwa nguvu, ikifika saa nne yanaanza kukohoa, saa tano ni hewa tu. Na somo la vitendo la kidato cha nne lilikuwa kwenye ratiba saa sita kasoro. Aliyepanga ratiba alikuwa anafikiria walimu na vyumba, hakuwa anafikiria bomba.

Ukutani kulikuwa na karatasi ya kanuni za usalama, kwa Kiingereza, kanuni 14, imefunikwa plastiki. Ya tisa ilisema kemikali ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15. Niliikariri hiyo nikiwa mwanafunzi. Mtu akiniuliza ningeitaja bila kukosea neno. Lakini sikuwahi kujiuliza: yanatiririka kutoka wapi?

Mwalimu yeye alishajiuliza. Siku yangu ya kwanza ya kazi alinionyesha jerikani ya njano ya lita 20 chini ya meza yake. Akasema, "Hii ni ya macho. Si ya kuosha vyombo, si ya kunywa, si ya kupiga deki. Kila asubuhi uikague." Nikasema sawa, mwalimu.

Kabla sijaendelea lazima niseme kidogo juu ya mama yangu. Kwetu ni Baraka, huko Fizi, kando ya ziwa Tanganyika, na mama alikuwa anatengeneza sabuni ya mawese. Soda, ile kostiki, alikuwa ananunua sokoni kwa kipimo. Mama hajasoma kemia hata siku moja, lakini alikuwa na sheria zake. Soda inaingia kwenye maji, maji hayaingii kwenye soda. Kidogo kidogo, kwa sababu ndoo inapata moto bila kuwekwa motoni. Unasimama upande ambako upepo unatoka, ili ule mvuke usikukamate kooni. Sufuria ya alumini hapana, soda inaikula. Unakoroga kwa mti mrefu. Watoto wakae mbali. Na kabla hajafungua soda, ndoo moja ya maji safi inawekwa pembeni.

Tulikuwa tunamuuliza, "Mama, haya maji ni ya nini?" Anajibu, "Ni ya yule atakayeungua." Hakusema "kama mtu ataungua." Alisema atakayeungua. Mimi na yaya wangu tuliona anatutisha tu ili tusisogee.

Nilipofika kidato cha tatu ndipo nikakuta kumbe soda ya mama ni ileile sodiamu haidroksaidi ya kwenye kitabu. Mambo mengi yakaeleweka. Alumini inaliwa kweli, na gesi inayotoka hapo ni haidrojeni, inawaka. Ile hali ya soda kuteleza vidoleni haimaanishi ni laini kama sabuni. Inateleza kwa sababu inageuza mafuta ya ngozi yako kuwa sabuni. Mama aliitilia mawese, lakini soda haichagui mafuta. Ikikugusa wewe, wewe ndiye mawese.

Na kitu kingine ambacho wanafunzi wengi hawakijui: wanaogopa asidi kwa sababu jina lake linatisha, halafu soda wanaidharau. Asidi ni hatari, tena asidi kali ya salfa ukiimwagia maji juu, maji yanaelea, yanachemka hapohapo na kukurukia usoni. Ndiyo maana tunamimina asidi kwenye maji, polepole, tukikoroga. Lakini kwenye jicho, soda mara nyingi ni mbaya zaidi. Asidi ikigusa jicho inagandisha protini za juu, na lile tabaka lililoganda linaizuia kidogo kuendelea. Soda inayeyusha na kupita, inazidi kwenda ndani hata baada ya wewe kudhani mambo yamekwisha. Kwa hiyo dawa yake ni maji mengi, na muda mrefu.

Haya yote nilikuwa nayajua. Nataka mkumbuke hilo mnaposoma yanayofuata.

Siku hiyo kulikuwa na joto, ingawa Kakuma siku gani haina joto. Vijana wa kidato cha kwanza walitoka kwenye michezo, mabomba yalishakauka, mmoja akachungulia mlangoni. "Kaka, maji kidogo." Nikachukua kikombe, nikampa kutoka kwenye jerikani ya njano. Akaja wa pili. Wakaja sita, wakaja kumi. Na haikuwa mara ya kwanza. Kwa wiki nyingi nilikuwa nafanya hivyo, halafu asubuhi yake najaza tena, na hakuna kilichotokea. Kila siku ambayo hakuna kilichotokea ilikuwa inanifundisha kwamba yale maji ni ya bure. Tena nilikuwa najisikia mtu mzuri. Nani atamnyima mtoto maji hapa? Wewe unayesoma, ungemnyima?

Saa sita kasoro kidato cha nne wakaingia, 48. Zoezi lilikuwa la kutambua chumvi. Unatia matone ya soda kwenye kimiminika, unaangalia kama kuna mashapo meupe, unaongeza, unaona kama yanayeyuka. Kama hayatokei, unapasha moto taratibu kuona kama gesi ya amonia itatoka, utaijua kwa ile harufu kali na kwa karatasi nyekundu ya litmasi kugeuka buluu. Miwani ya kukinga macho tulikuwa nayo nane. Tulikubaliana anayepasha moto ndiye anavaa. Iliingia akilini wakati ule. Sasa naona kosa lake: anayepasha moto anajua mdomo wa testi tyubu yake unaelekea wapi. Anayehitaji miwani zaidi ni yule aliyekaa mbele yake na hajui.

Kimiminika ndani ya testi tyubu hakichemki kama chai. Chini kunajikusanya mvuke, halafu mvuke unasukuma kila kitu juu kwa mara moja. Kinaruka kama mate ya swila. Ndiyo maana unatia kidogo, unaipitisha juu ya moto huku unaitikisa, na mdomo wake unauelekeza pasipo na mtu. Kijana mmoja aliiacha imesimama palepale juu ya moto, akageuka kumuuliza mwenzake kitu. Ikaruka. Ikampata dada mmoja wa upande wa pili wa meza, mwenzetu kutoka Sudan Kusini, aliyekuwa ameinama kuandika.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwalimu, jicho." Kwa sauti ya kawaida, kama anaomba ruhusa.

Nilifungua bomba. Likakohoa. Nikaruka kwa jerikani, nikainua kwa nguvu za kuinua lita 20, na jerikani ikapaa juu na mikono yangu, karibu inipige kidevuni. Ilikuwa nyepesi. Ndani kulikuwa labda lita tano. Ule wepesi sitausahau. Mpaka leo mikono yangu inaukumbuka.

Tulimlaza ubavu, jicho lililoumia likawa la chini, ili maji yasibebe soda kwenda kwenye jicho zima. Mimi nilishika kope kwa vidole viwili kulifungua, maana jicho lenyewe linataka kujifunga kwa nguvu zote. Mwalimu akamimina taratibu, kutoka upande wa pua kwenda nje. Kijana mmoja nyuma akapiga kelele, "Tieni asidi kidogo, itaiua soda!" Mwingine akasema maziwa. Yule wa asidi hakuwa mjinga. Alikuwa anakumbuka somo letu la wiki iliyotangulia, asidi na besi zinatoa chumvi na maji. Hakuongeza kwamba zinatoa pia joto, na kwamba jicho si chupa. Mwalimu akasema, "Maji peke yake!" kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Lita tano ziliisha kabla ya dakika ya nne. Hapo wanafunzi wakaanza kuleta chupa zao. Mnajua chupa ya maji ya kunywa ya mwanafunzi hapa ni nini: ni ya kutwa nzima, na ya kurudi nyumbani kwa miguu. Walizileta bila kuambiwa. Moja ina nusu, nyingine robo. Mimi nikakimbia jikoni.

Mama mpishi alikuwa na pipa moja lililobaki, la kupikia githeri ya shule nzima. Nilimwambia kwa pumzi moja. Hakuniuliza nitarudisha lini. Akachota ndoo mbili, moja akabeba yeye mwenyewe, akaniambia, "Maharagwe yatangoja." Siku hiyo watoto walikula karibu saa kumi. Niliwasikia wa kidato cha kwanza wakilalamika njaa, walewale niliowapa maji, na wao hawakujua kitu.

Tulimwosha dakika 25 kwa saa ya simu ya mwalimu, halafu tukaendelea kumwagia kwenye bodaboda mpaka hospitali. Kule daktari aliuliza mambo matatu: ni kemikali gani, iliingia saa ngapi, na mmeosha dakika ngapi. Tulikuwa na majibu yote matatu, na chupa yenye jina tulienda nayo. Jicho lilikuwa jekundu na lina ukungu. Alikaa siku kadhaa, akatumia dawa za matone wiki nyingi, akafunikwa bandeji. Leo anaona. Daktari alisema kilichomwokoa ni ule muda wa kuosha. Watu walitushika mkono, mimi na mwalimu, wakasema tumefanya kazi nzuri.

Sasa nafika pale ambapo nilikuwa sijasema.

Niliambiwa niandike ripoti ya tukio. Niliandika: "Bomba lilikuwa kavu." Ni kweli. Niliandika: "Maji ya akiba hayakutosha." Hiyo pia ni kweli. Kila sentensi kwenye karatasi ile ilikuwa ya kweli, na karatasi nzima ilikuwa ya uongo. Mtu akiisoma ataelewa kwamba tatizo ni maji ya kambi. Na tatizo la maji ya kambi lipo, hakuna asiyelijua, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza zaidi. Ndugu zangu, sisi wakimbizi tuna shida nyingi za kweli. Hilo linafanya iwe rahisi sana kuficha kosa lako nyuma ya shida ya kweli. Hakuna atakayeenda kuangalia huko nyuma.

Nilikaa nalo wiki tatu. Nikawa silali vizuri. Jioni moja tukiwa tunafunga labu nikamwambia mwalimu kwamba maji niliyagawa mimi. Alinyamaza, akafuta ubao mpaka mwisho. Halafu akasema, "Nilijua. Kikombe kilikuwa juu ya jerikani." Nikamuuliza mbona hukusema. Akajibu, "Nilikuwa nangoja nione kama nina msaidizi au nina mtu wa kuosha vyombo."

Kumwambia yule dada ilikuwa ngumu zaidi. Nilimwendea kwao na mama yangu, kwa sababu kijana peke yake hawezi kwenda tu nyumbani kwa watu kuuliza msichana. Nilimweleza mbele ya shangazi yake. Nilitegemea hasira. Alifikiri kidogo, akasema, "Ningekuwa mimi, ningewapa pia. Lakini ningejaza tena." Shangazi akaleta chai. Hakuna aliyesema kitu zaidi.

Njiani kurudi mama akaniuliza, "Ndoo ya yule atakayeungua umeisahau lini?" Sikuwa na jibu.

Baada ya hapo nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga siku ya kwanza. Vyombo maalumu vya kuoshea macho, vile vya labu za matajiri, vinatakiwa vitoe angalau lita moja na nusu kwa dakika, kwa dakika 15. Zidisha: lita 22 na nusu. Jerikani moja na kidogo, kwa mtu mmoja. Sasa kipimo ambacho mashirika yanakitafuta kwa mkimbizi mmoja kambini ni lita 20 kwa siku, kunywa, kupika, kuoga, kufua, vyote. Wakati wa dharura kabisa kiwango cha chini ni lita 15. Maana yake jicho moja linahitaji maji ya mtu mmoja ya siku nzima na zaidi, ndani ya robo saa. Ukiweka jerikani 20 za mtaa kwenye foleni, moja yao uiweke pembeni isiguswe, kila siku, kwa ajili ya kitu ambacho pengine hakitatokea mwaka huu. Kila mwenye kiu ataiona. Huo ndio uzito wake, na si jambo dogo kumwambia mtu aubebe.

Kwa hiyo nilielewa kwamba kuandika "USIGUSE" hakutoshi. Wale watoto hawakuwa wabaya, walikuwa na kiu. Kama sheria ya usalama inashindana na kiu, kiu itashinda, na mimi ndiye nitaisaidia ishinde. Lazima kwanza kiu ipewe maji yake. Tukaomba jerikani ya pili iwekwe nje ya labu, kwenye kivuli, na kikombe chake. Hiyo ni ya kunywa, yeyote anywe. Kwenye labu yenyewe hakuna kunywa wala kula, na sasa hakuna sababu. Za ndani zikawa mbili, lita 40, zimefungwa utepe mwekundu, zimeandikwa MACHO. Moja alitoa mama yangu nyumbani. Aliikagua mara mbili kabla ya kunipa, akanusa, akasuuza, akasema nihakikishe si ile aliyowahi kuwekea soda. "Usije ukamwosha mtu kwa ugonjwa uleule." Nyumbani jerikani moja ikipungua inajulikana, mnaelewa. Yaya wangu alinuna siku mbili.

Maji tunateka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wanafunzi wawili kwa zamu, na kabla ya somo lolote la vitendo mmoja wao anainua jerikani kwa mikono. Haangalii tu, anainua. Jerikani tupu na iliyojaa zinafanana ukiziangalia. Ikiwa nyepesi hakuna somo, tunasoma kwa kitabu. Imeshatokea mara mbili somo likaahirishwa. Kidato cha nne walikasirika, mtihani unakaribia. Waliruhusiwa kukasirika. Somo halikufanyika.

Na ile karatasi ya kanuni 14 tuliibandua. Nilikaa na wanafunzi tukaiandika upya kwa Kiswahili, halafu wenyewe wakaandika chini yake kwa Kisomali, Kiarabu cha Juba, Kidinka na Kirundi. Neno lililotusumbua ni lile la Kiingereza la kwenye chupa, lenye picha ya kimiminika kinatoboa mkono. Walikuwa wanalisoma kila siku bila kulisikia. Nikawaambia kwetu mama anasema "inakula." Inakula alumini, inakula nguo, inakula jicho. Hapo macho yakawatoka. Sasa mwanafunzi akishika chupa mpya anauliza kwanza, "Kaka, hii inakula?" Nafurahi kila nikisikia.

Mengine tuliyobadilisha ni madogo na hayana gharama. Kwenye kuchemsha, wa pande zote mbili za meza wanavaa miwani au wanasimama nyuma, na tunapasha kwa zamu kwa sababu miwani bado haitoshi. Bureti tunaishusha chini kabla ya kuijaza, mdomo wake uwe chini ya macho, hakuna kupanda juu ya stuli na kumimina asidi juu ya kichwa. Pipeti hainyonywi kwa mdomo, hata kama kaka yako aliinyonya na akapata A. Dada mwenye hijabu haambiwi avue, anaambiwa achomekee ncha ndani ya koti kabla ya moto kuwashwa. Mwenye sandali anakaa mbali na zoezi la asidi mpaka apate viatu vya kufunika vidole, na tuna jozi tatu kuukuu kabatini kwa ajili hiyo. Kemikali haiwekwi kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda, hata dakika moja. Na anayemwaga au kuvunja anasema hapohapo, bila kuogopa. Hatupigi mtu kelele kwa kuvunja. Tunakasirikia aliyeficha. Mimi ndiye nawaambia hiyo, na wengi wao hawajui kwa nini sauti yangu inabadilika nikifika hapo. Leo watajua.

Ndugu zetu wa mashirika, najua wengine wenu mnasoma hapa. Mnapokuja kukagua labu mnaangalia kama kanuni zimebandikwa ukutani, mnapiga picha. Asanteni kwa kuja. Siku nyingine, tafadhali, inueni jerikani. Muulize bomba linakauka saa ngapi na somo ni saa ngapi. Kwenye shule yetu hatimaye ratiba ilibadilishwa, masomo ya vitendo yakahamishiwa asubuhi, na haikugharimu hata shilingi. Ilihitaji mtu mmoja aseme ukweli kwenye ripoti. Niliiandika upya ile ripoti, nikaweka jina langu. Bado nina kazi, kama mnavyoona.

Wanafunzi wapya wakiingia labu siku ya kwanza, hatushiki kemikali. Tunatoka nje na jerikani moja na beseni. Mmoja anaweka saa, wengine wanapokezana kumimina taratibu, kana kwamba kuna jicho pale, dakika 15 bila kusimama. Mwanzo wanacheka. Dakika ya tano mikono inauma. Dakika ya kumi wananyamaza, wanaangalia jinsi maji yanavyopungua, na kuna mmoja lazima ataniuliza kama hayo si kuyapoteza. Namwambia hapana. Tukimaliza tunalibeba beseni pamoja, tunamwagilia mwarobaini ulio nyuma ya labu. Tuliupanda mwaka huohuo wa tukio. Sasa umefika urefu wa mlango, na wanafunzi wapya wanakaa kwenye kivuli chake wakinywa maji yao.